Mguu Wangu Umezikwa Koyama

Watu wakiniuliza mguu wangu wa kushoto ulikwenda wapi, nawajibu kweli: umezikwa kisiwani kwetu Koyama, Somalia, kando ya kaburi la marehemu mume wangu. Wengine husema astaghfirullah. Wengine hucheka, kisha huona haya kwa kucheka. Mimi haya sina. Mguu ule ulinichukua nilipokimbia vita na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na miaka mingi baadaye ukanirudisha kwetu. Haukustahili kutupwa kwenye pipa la hospitali.

Jina langu Mwanashee. Koyama wananiita Bi Shee, na wajukuu wangu, ambao ni wengi na wote wana meno mazuri, wananiita Bibi tu. Skuli sikwenda. Nilisoma chuoni, Kurani, na herufi hizi za Kiswahili nilijifunza Mombasa kambini wakati wa ukimbizi, katika darasa la akina mama tuliokuwa tukipiga soga zaidi kuliko kusoma. Kwa hiyo naandika polepole. Naandika kwa sababu ya mwanamke niliyemkuta kwenye benchi la hospitali, Kismayo, ambaye alikuwa ameambiwa mamake lazima akatwe mguu. Alikuwa akilia ndani ya mtandio. Nikamweleza yangu, akanyamaza, akaanza kuuliza maswali, na maswali yenyewe yalikuwa ya maana: choo nilikwendaje, niliswalije, watoto waligombana au hawakugombana. Ya daktari muulizeni daktari. Mimi nitasema ya mwilini na ya nyumbani.

Mambo yalianza hivi. Kaskazi inapokaribia kwisha mimi huvuka kwenda Burgao, bara, kutia chumvi na kukausha papa. Mdogo wangu Kombo huwa huko huko, yeye ni fundi wa vyombo, hujenga mashua na kuzitengeneza. Sasa pale Burgao pana kiwanja cha ndege. Msifikirie kiwanja cha mjini. Ni ardhi iliyoshindiliwa basi, haina ukuta wala geti. Ufuoni samaki huingia mchanga, na ukipanda juu kidogo ni miba mitupu. Kiwanjani ni pagumu, safi, jua linapiga kutoka juu na joto linatoka chini. Papa hukauka vizuri ajabu. Kwa hiyo wanawake wote tunaokausha samaki tulikuwa tukitandaza majamvi pale, katikati ya njia ya ndege.

Najua mnavyosema. Lakini ndege haiji kila siku, na ikija huisikia kabla hujaiona. Tukisikia mngurumo, kila mtu anakunja jamvi na samaki wake ndani, tunakaa pembeni, ndege inatua, inashusha miraa, inaondoka, nasi tunatandaza tena. Marubani walitujua. Kuna mmoja alikuwa akitupungia mkono. Tulifanya hivyo miaka na miaka, hata mkia wa samaki haukupata kupotea.

Siku hiyo pia tuliisikia, tukakunja. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika pembeni. Nilichuchumaa, nikawa nalifunga jamvi langu kwa kamba. Mwenzangu Zena alikuwa amesimama mbele yangu, mkono kwenye paji la uso, anatazama.

"Huyu leo ana haraka," Zena akasema. "Mbona anashuka kama ameitwa?"

Ndege iligonga ardhi, ikaruka, ikagonga tena, na mara ya pili nikasikia mlio kama wa tawi kavu. Gurudumu moja lilikuwa limevunjika. Ndege ikaburura tumbo, ikazunguka, vumbi likaifunika, ikasimama. Sote tukashusha pumzi. Lakini lile gurudumu halikusimama. Lilikuja likidunda kama mpira wa watoto, likampita Zena ubavuni, likapeperusha buibui lake. Nililiona vizuri. Nakumbuka nilijiambia, litasimama hili. Likanipiga kwenye muundi.

Wanaume walikuwa wakikimbilia ndege. Nilidhani wanamkimbilia rubani, nikasema masikini, wana huruma. Kumbe wanakimbilia miraa, isinyauke juani. Ni Zena aliyepiga ukelele kwa Kibajuni chetu: "Enyi wachu, Bi Shee ameuawa!"

"Sijafa," nikamwambia. "Punguza sauti, unanitoboa masikio."

Nilitazama mguu wangu nikaona umepinda pahali ambapo mguu haupindi. Rubani akaja akichechemea, mdomo una damu, akapiga magoti mbele yangu akisema maneno ya lugha nisiyoijua, machozi yanamtoka. Kijana mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Nikamwambia Zena ampe maji kabla hajaniangukia. Ndege pekee ambayo ingenifikisha hospitali upesi ilikuwa imelala kwa tumbo pale mbele yetu, na mimi sikuwa na nguvu za kumkasirikia mtu yeyote.

Kombo alikuja mbio kutoka kwenye chombo alichokuwa akikijenga, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mzee aliyekuwa akiunga mifupa Burgao alikuwa amekufa mwaka ule, na tangu afe watu walimwendea Kombo, kwa kuwa ana mikono. Alikwisha kuunga vidole vya mafundi wake na mguu wa mbuzi. Akanitazama, akasema, "Dada, nitakuumiza." Nikamwambia aumize basi, aache hotuba.

Aliunyoosha mguu. Hapo sielezi. Kisha akaufunga jinsi anavyojua kufunga kitu. Alileta vipande vya mbao laini alivyovipiga randa mwenyewe, akavipanga kuzunguka mguu. Kati ya mbao na ngozi alishindilia pamba ya kalafati, ile ambayo mafundi hujaza baina ya mbao za chombo ili bahari isiingie. Kisha akazungusha kamba, akavuta kama anavyovuta ubao mpaka ukubali kulala kwenye taruma, zile mbavu za chombo. Ulikuwa umefungwa vizuri, kila mtu alisema. Watu walisimama kuutazama kama wanavyotazama chombo kipya.

Tukaondoka kwa mashua ya mashine kwenda Kismayo, maana njia ya nchi kavu haikuwa na amani. Kusi ilikuwa imeanza kuamka na bahari ilikuwa chafu. Kila wimbi lilitumwagia. Nililowa mpaka shingoni, na mguu wangu ukakaa umelowa ndani ya mbao zake muda wote wa safari.

Fundi yeyote wa vyombo anajua pamba ya kalafati hufanya nini ikilowa. Hujaa. Ndiyo kazi yake: inavimba, inabana, maji hayapiti. Kombo anajua hilo kuliko anavyojua jina lake. Lakini siku ile macho yake yalikuwa kwenye uso wangu, si kwenye kazi yake. Alikipakata kichwa changu njia nzima, akinichekesha kwa visa vya utotoni, jinsi nilivyompiga kwa mwiko alipokula tambi za Idi kabla ya Idi. Kule chini pamba ilikuwa inajaa na kamba haikuwa na pa kwenda.

Kwanza nilihisi maumivu ya kunyonga. Kisha yakapungua. Kisha yakaondoka kabisa. Nikasema alhamdulillahi, umetulia. Nilipogusa vidole vilikuwa baridi kama ngisi aliyetoka majini, nikadhani ni ile bahari.

Sasa wewe unayesoma, hapa simama kidogo. Ukifungwa mguu au mkono, na mtu yeyote, awe fundi, awe daktari, awe baba yako, kisha ukafa ganzi, vidole vikawa baridi na kubadilika rangi, usishukuru. Piga kelele ufunguliwe. Maumivu yakikimbia ghafla kwenye mfupa uliovunjika, huko si kupona. Hilo nimelilipia, wewe lichukue bure.

Binti yangu Fatuma anakaa Kismayo na mumewe. Tulifika jioni tumechoka, nikalala kwake, asubuhi wakanipeleka hospitali. Muuguzi mmoja, msichana wa Kisomali mwenye mikono midogo, alikata kamba kwa mkasi. Pamba ilitoka kwa nguvu, kama kitu kilichokuwa kimeshika pumzi. Chini yake mguu ulikuwa na rangi ya biringani. Yule msichana aliweka mkasi chini taratibu, akatoka kwenda kumwita daktari. Nikajua. Na Kombo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajua pia, kwa sababu alikuwa ameiona ile pamba.

Baada ya hapo ni kungoja. Nani angeniambia ugonjwa ni kungoja kuliko kuumwa! Ungoje daktari, ungoje dawa, ungoje umeme urudi, ungoje mtu akusogeze ubavu. Benchi la nje lilikuwa refu na limejaa, na watu wa benchi wana mchezo wao wa kuulizana. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina aliniinamia.

"Ayeyo," akasema, ndivyo Wasomali wanavyomwita bibi, "risasi?"

"La."

"Bomu?"

"Ndege."

Akafikiri. "Ulikuwa umeipanda?"

"Nilikuwa nimechuchumaa."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, na mwanamke mwenye mtoto wa surua akacheka mpaka mtoto akaamka. Baadaye kila mgonjwa mpya alipokuja walimwambia, muulize huyu bibi. Nilikuwa na sifa kuliko daktari.

Waliuosha ule mguu na kunichoma sindano wakitumaini sehemu ingerudi. Haikurudi. Daktari akaja akavuta kiti. Alikuwa mtu wa maneno machache, nilimpenda kwa hilo. Akasema tukikata sasa tutakata chini ya goti. Tukingoja tutakata juu ya goti. Tukingoja zaidi hatutakata kitu.

Nikamwambia, "Nirudisheni Koyama nife na miguu yangu miwili."

Fatuma alikuwa ananimenyea chungwa. Alikitupa kisu. "Mama, miguu miwili kaburini utakwenda nayo wapi?"

"Usiniongeleshe hivyo."

"Nikuongeleshe vipi? Nikuimbie?"

Mwanangu Omari akapiga simu kutoka Mombasa. Anataka nipelekwe kwake, anajua daktari. Fatuma akamwambia mguu huu haufiki Mombasa, unanuka hapa hapa. Omari akasema, unaharakisha kumkata mama kama kuku. Fatuma akamjibu neno ambalo siliandiki. Nikachukua simu nikaizima. Nawaambia wenye wazazi wagonjwa: gombaneni nje. Mgonjwa anasikia kila kitu, na nguvu za kuwaamua hana.

Kila mtu alikuwa amesema isipokuwa Kombo. Tangu siku ile ya mkasi hakuingia chumbani. Alikuwa akikaa barazani, chini, mgongo ukutani, akinywa chai ya watu bila kujua ni ya nani. Nikasema mwiteni.

Aliingia akasimama karibu na mlango.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza. Baba yetu alikwisha kufa, mume wangu alikwisha kufa. Yeye ndiye mwanamume wa damu yangu aliyekuwepo.

"Mimi nisiulizwe, dada."

"Nakuuliza."

"Nikikuta ubao umeoza nautoa, siubembelezi." Akautazama mguu wangu. "Lakini huu si ubao. Ni mguu wako, na mimi ndiye niliyeuozesha."

Fatuma akatazama chini, kwa sababu ndilo alilokuwa akilisema kwa mumewe nje ya dirisha la wodi, nami nilikuwa nimelisikia. Mimi nilitaka kumwambia Kombo jambo la kumpoza. Sikulipata. Nilikuwa na homa, na moyo wangu ulikuwa mzito juu yake, sitadanganya. Nikasema tu, "Mwiteni daktari akate."

Nilipoamka mguu haukuwepo. Hospitali walikuwa wamewapa watu wangu, umefungwa. Mume wa Fatuma aliuvika kitambaa cheupe, maana kiungo cha Mwislamu huzikwa kwa heshima. Akataka auzike pale pale mjini. Nikasema hapana, Koyama. Fatuma akasema mama, nani atasafiri na mguu kwenye bahari hii? Kombo akauchukua. Aliukumbatia kama mtoto, akatoka, na mashua aliyoipata ndiyo aliyokwenda nayo. Tulipata habari kwamba amefika, amechimba mwenyewe, amezika kando ya shemeji yake. Kisha akarudi kwenye vyombo vyake. Hakurudi Kismayo. Hakupiga simu.

Sasa nieleze ya mwili, ambayo watu huona haya kuuliza.

Mguu ulioondoka haujui kama umeondoka. Kidole gumba kilikuwa kikiniwasha, kidole kilichozikwa kisiwani! Kitanda cha pili alikuwepo Bi Halimo, Msomali wa bara, yeye alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, mwaka mmoja kabla yangu, na sasa alikuwa amerudi na kidonda cha mguu mwingine. Akanifundisha. "Mwambie binti yako akune shuka," akasema, "pale ambapo kingekuwepo." Fatuma akaniangalia kama nimerukwa na akili, lakini akainama akakuna shuka. Wallahi nilipata nafuu. Bi Halimo akasema, "Umeona? Mpumbavu ni mguu, si wewe."

Kusafishwa kidonda ndiko kulikuwa kalenda yangu. Kwanza kila siku, nikiuma upande wa mtandio. Kisha siku moja moja. Mvua za kusi zikaja, paa la wodi likavuja kwenye ndoo, na kidonda kikaanza kuwa chekundu chekundu, rangi njema. Nyuzi zikatolewa. Nikaenda kukaa kwa Fatuma.

Hapo ndipo penye kazi. Hospitali wewe ni mgonjwa, nyumbani wewe ni mzigo. Mimi nimeamka kabla ya kuku maisha yangu yote, nimechota maji, nimebeba papa kichwani. Sasa choo kiko nyuma ya nyumba na siwezi kukifikia. Mume wa Fatuma, mtu mwema, alijitolea kunibeba. Nikakataa. Nikasema sibebwi na mwanamume yeyote, sembuse mkwe. Nilijikokota kwa makalio uani, kuku wananitazama. Fatuma alinikuta siku moja nimekwama kwenye kizingiti, nguo imelowa, akanishika kwapani kuninyanyua, nikampiga mkono.

"Mama, mimi si adui yako!" akapiga kelele, kisha akakaa chini pale pale kwenye maji akalia. Nikalia na mimi. Tulikaa kizingitini kama watoto waliovunja mtungi. Baadaye akaniosha, akanikausha, akaleta hina. Akanipaka mguu mmoja uliobaki, maua mpaka kwenye kifundo, taratibu, kama anampamba bi arusi. Tangu siku hiyo nilikubali anishike mkono. Kushikwa mkono tu.

Ramadhani ikaja nikiwa naswali nimekaa kwenye kiti. Kusujudu nilikuwa nainamisha kichwa, na wiki za kwanza nililia kila nikiinama, maana paji la uso lilitaka ardhi. Sasa nimezoea, na Mola anaona paji langu lilipo.

Mwisho wa Ramadhani nahodha mmoja akaleta mzigo kutoka kwa Kombo, umefungwa gunia. Tukaufungua. Ulikuwa mguu. Mguu wa mti, ameuchonga mwenyewe, una kigimbi, una kisigino, una vidole vitano na kucha. Ameupiga msasa mpaka unang'aa, kisha akaupaka sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo. Nyumba nzima ikanuka. Na ulikuwa mzito kama nanga.

"Hakuleta salamu?" nikamuuliza nahodha.

"Hakusema kitu, mama. Alisema ufike, basi."

Niliujaribu mbele ya Fatuma, nikaanguka juu ya sufuria. Ulinitoa ngozi. Fatuma akataka kuutia motoni, nikamkataza. Nikaulaza chini ya kitanda changu, na harufu yake, niseme nini, ilikuwa harufu ya kwetu. Lakini bado sikumpigia simu. Kila nikiishika simu nilikuwa nawaza: aje yeye. Mimi ndiye niliyekatwa. Naye, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa akiwaza: aniite yeye.

Kisha wakaja Kismayo watu wa viungo vya bandia. Nikapimwa, nikangoja, nikapimwa tena. Nikapata mguu wa plastiki, mwepesi, rangi yake si yangu wala si ya mtu yeyote ninayemjua. Nilijifunza kutembea baina ya bomba mbili za chuma, na mwalimu kijana akinihesabia hatua kama mtoto. Bi Halimo hakufika kwenye bomba zile. Sukari ilimchukua kabla ya Idi kubwa, Mola amrehemu. Kila nilipochoka nilimsikia akisema mpumbavu ni mguu, nikaongeza hatua.

Kusi ikaisha. Bahari ikalala. Siku moja nilikwenda mwenyewe kutoka kitandani mpaka chooni na kurudi, sijashikwa, nikamwambia Fatuma, "Nipakilie. Nakwenda kwangu." Alibisha, kisha akapakia. Nadhani alikuwa amechoka nami, na ni haki yake. Binti anaweza kukupenda na kukuchoka kwa siku moja.

Wale wataalamu walikuwa wameniambia jambo moja mara nyingi: mguu huu usiingie maji ya chumvi. Una vyuma ndani. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikuwaza. Koyama hatuna gati. Chombo husimama pale maji yanapofika kiunoni, kila mtu anakunja nguo anashuka. Wazee na wagonjwa hubebwa mgongoni. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nashuka mwenyewe, hata nikiwa na mimba, hata na mtungi kichwani.

Tulifika mchana, jua la utosi. Nikaona watu wamejaa ufuoni, wanawake wanapiga vigelegele, wajukuu wanarukaruka. Nikasimama kwenye mashua kwa mguu wangu wa plastiki, nimejinyoosha, ili wanione nimesimama. Kisha nikatazama maji, na ndipo akili ikanijia.

Nilikaa chini. Nikauvua ule mguu, nikampa nahodha aubebe juu ya kichwa. Vijana wawili wakaingia majini kunichukua. Nikawaambia, "Rudini. Sibebwi." Mmoja akasema, "Sasa Bibi, utashukaje?" Nikasema sijui, lakini sibebwi. Wakasimama, maji kiunoni, hawajui la kufanya. Vigelegele ufuoni vikanyamaza. Nilikuwa nimekaa pale, kisiki changu mbele ya watu wote, nyumba yangu naiona, na miezi yote ile ya taabu imenifikisha pale pale ambapo sitaki kufika.

Nikamwona Kombo. Alikuwa amesimama mbali na wengine, upande wa vyombo, kilemba mkononi. Amekonda. Nadhani alikuja anitazame tu kisha aondoke. Tulitazamana. Kisha akaweka kilemba juu ya mchanga, akaingia majini na nguo zake zote, akaja mpaka kwenye ubavu wa mashua. Hakunisalimu. Hakuniomba radhi. Aligeuka, akanipa mgongo, akainama.

Na mimi nikafanya lile nililoweza. Nikaweka mikono yangu mabegani mwake, nikajisukuma kutoka ubaoni, nikampanda.

Akayumba. Maji yakampanda kifuani. Akapiga hatua moja, ya pili, kisha akasimama, anahema.

"Dada," akasema, "u mzito."

"Nimepungukiwa mguu mzima," nikamwambia, "na bado waniambia mzito?"

Nikahisi mgongo wake unatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akicheka mpaka maji yakaruka huku na huku, na mimi nikicheka juu yake, nahodha nyuma yetu, mguu wangu wa plastiki kichwani, anapiga kelele, "Msiuloweshe! Msiuloweshe mguu!" Na hivyo ndivyo nilivyofika kwangu, nimebebwa, watu wote wananiona.